Amri ya Kaburi Moja

Hakimu aliandika kaburi moja. Si mawili, wala si "kaburi moja au zaidi kadiri polisi watakavyoona inafaa", maneno ambayo Inspekta Adoch aliyatia mwenyewe kwenye ombi lake na hakimu akayakata kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa insha. Kaburi moja, mbele ya ofisa wa afya na mwenyekiti wa mtaa, kabla ya saa saba mchana, Jumatano. Baada ya saa saba eneo lote lilikuwa mali ya barabara.

Na makaburi mapya yalikuwa tisa.

"Afande," alisema Koplo Ochan, akiyahesabu kwa kidole mara ya tatu kana kwamba moja lingeona haya liondoke, "tukipiga kura je?"

"Hesabu tena."

"Tisa. Hayazai."

Saa nne na robo. Adoch alifunga faili, akatazama kilima. Mwalo wa Kawoya ulikuwa mahali ambapo hata wezi walikuwa wavivu kwenda. Kutoka Bugolobi ulishuka na boda mpaka boda ikakataa, kisha ukashuka na miguu mpaka viatu vikakataa, na chini kabisa ukakuta ziwa, mitumbwi, na wajukuu wa askari wa Kinubi walioletwa na Waingereza, wakivua, wakianika mukene, vile visamaki vidogo kama misumari, na kuzikana wao kwa wao. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa barabara ya moramu, udongo mwekundu ulioshindiliwa, pana kama uwanja wa mpira, ilikuwa imeteremka kilima na kusimama hatua arobaini kutoka ua wa makaburi, kama ng'ombe aliyefika kwenye shamba la mahindi na anangoja mwenyewe ageuke. Ilikuwa imefika hapo siku kumi na mbili zilizopita, ikangoja orodha ya fidia. Kwenye kila ukuta wa njiani palikuwa pameandikwa KIWANJA HIKI HAKIUZWI, dalili ya uhakika kwamba kiwanja kilikuwa kimeshauzwa mara mbili.

Kaburi nalo lililipiwa fidia. Kwa hiyo watu wa Kawoya walianza kufa kwa wingi, tena zamani.

Rafiq ndiye aliyetumwa kuwahesabu. Alikuwa karani wa tathmini: kazi yake kuandika kila kitu ambacho barabara ingekula, nyumba, migomba, vyoo, makaburi. Jumapili, siku kumi zilizopita, alikuja Kawoya na pikipiki, na hakurudi. Pikipiki ilipatikana kwenye mafunjo. Wazamiaji walipekua ziwa siku tatu wakapata injini moja ya mtumbwi na sufuria ambayo mwenyewe alikuja kuichukua. Mbwa wa polisi aliletwa Jumamosi. Alinusa mukene iliyoanikwa, akasahau kiapo chake.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Jumapili hiyo, saa kumi alasiri, Rafiq alimtumia mkewe ujumbe kwenye simu. Adoch aliusikiliza mara thelathini kule ofisini Naguru: *Shamim, hapa makaburini kuna wafu wanane wa hewa. Nawaandika, nakuja. Weka chai.*

Wanane. Leo walikuwa tisa. Mmoja alikuwa ameongezeka baada ya saa kumi ya Jumapili ile, na huyo Adoch hakuamini kwamba alikuwa wa hewa. Tatizo ni kwamba Jumanne iliyofuata fundi alipita na simenti akayafunika yote tisa. Udongo mbichi na udongo mkavu, vyote vilivaa shati moja.

Shamim alikuwa amesimama penye lango la makaburi tangu asubuhi, mwavuli mkononi, ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kutisha. Kwao ni Kikuubo, sokoni mjini, watu wa vitambaa, ukoo uliokuja na misafara kutoka pwani na kusahau kurudi. Siku zote kumi alikuja Kawoya. Siku zote kumi aliuliza swali moja tu. Leo lilikuwa jingine.

"Mmechagua, afande?"

"Bado, Shamim."

"Mkikosea watamwaga lami juu yake." Alisema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Halafu mimi nitakuja na gari kununua samaki, nitapita juu ya mume wangu, na sitajua ni wapi nipunguze mwendo."

Ochan, ambaye huwa na neno kwa kila kitu, alikwenda kuangalia tairi za gari.

*

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Yasiin, alikuwa na mwili wa mtu aliyebeba mitumbwi na sauti ya mtu aliyeiuza. Alikuja na muhuri mfukoni, akakalia jiwe la kaburi la ukoo wake bila wasiwasi.

"Mwenyekiti, haya tisa ni ya nani?"

"Ya mababu."

"Babu gani amezikwa kwa simenti ya wiki iliyopita?"

"Tumewakarabati."

"Na mwaka juzi walikuwa wapi?" aliuliza Ochan. "Safarini?"

Yasiin alimtazama kama anavyotazamwa samaki mdogo kabla ya kurudishwa majini. Adoch akavuta kopo la rangi, akakaa mbele yake.

"Mzee, sikukujia kwa wafu wa hewa. Hiyo ni kesi ya ofisi nyingine, nao wana foleni. Mimi nina mtu mmoja. Rafiq alipokuja kupima nyumba ulimwambia mbele ya watu kumi na wawili kwamba ataliwa na samaki."

"Nilisema."

"Siku tatu baadaye hayupo."

"Mama afande, samaki wa hapa siku hizi hawawezi hata kula ugali." Alitazama langoni, akamwona Shamim, akashusha sauti. "Nilisema kwa hasira. Lakini fikiri. Barabara hii naitaka kuliko hata wanaoijenga. Samaki wangu wanafika Kikuubo wakinuka, nauza kwa bei ya msiba. Nimuue mtu wa barabara, ili iweje? Ichelewe?"

"Ili asiandike kwamba umezika hewa."

Yasiin alichezea muhuri. Mbali kidogo, dereva wa katapila la manjano alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakula chapati ya mayai, miguu juu.

"Manane ni yangu," alisema mwishowe. "Vijana walipandisha vilima Ijumaa, siku mbili kabla ya Rafiq kuja. Niliwapa kamba, nikawaambia wafuate makaburi ya wazee, wapange sawasawa, yasionekane mageni. Nilikagua mwenyewe. Jumatatu napita naona tisa."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Nilidhani kuna mwenzangu amenizidi tamaa. Mwizi hamwulizi mwizi risiti."

"Lipi la tisa?"

"Wallahi sijui. Vilima vyote vilikuwa vya udongo, nilihesabu nikiwa njiani. Kesho yake fundi akafunika." Alinyoosha kidole. "Lakini ningekuwa mimi ningeanza na lile lililopasuka. Udongo wenye mtu hutitia."

Lilikuwa la kwanza kutoka langoni. Simenti yake ilikuwa na ufa mrefu katikati, mpana wa kupitisha vidole. Adoch aliinama akaupiga picha. Hoja ilikuwa nzuri. Ilimsumbua tu kwamba ilitoka kwa mtu ambaye angependa achimbe pabaya.

Ochan alikuwa ameshashika sururu. Ofisa wa afya, Bi Awiti, mwanamke mrefu mwenye barakoa na saa mbili mkononi, moja yake na moja ya serikali, akavaa glavu.

"Nikumbushe kitu," alisema Awiti. "Mkishavunja simenti ya moja, hilo ndilo kaburi lenu. Mkigusa la pili naandika kwamba mmevunja amri ya mahakama. Mimi nina watoto shuleni."

"Ngoja," alisema Adoch. "Aliyefunika yuko wapi?"

*

Fundi aliletwa na boda saa tano na nusu. Jina lake Heritier, Mkongo, suruali yake imeganda simenti mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Aliwaangalia polisi, akaangalia makaburi, akaanza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Shefu, miye najenga tu. Siulizi nani iko ndani."

"Ulijenga mangapi?"

"Kenda. Nilikuta vilima kenda, nikafunika kenda. Mzee aliniambia mapya yote."

"Hili lilipasuka kwa nini?"

Heritier aliona aibu, aibu ya fundi, ambayo ni kubwa kuliko ya mwizi. "Hiyo ilikuwa ya mwisho. Simenti iliisha. Mfuko mmoja Mzee aliuza." Hakumtazama Yasiin. "Nikachanganya mchanga ndoo tano kwa ndoo moja ya simenti. Ile si kaburi, shefu, ile ni biskuti."

Adoch alichukua nondo ya fundi, akaipitisha kwenye ufa bila kugusa kingo. Iliingia kiganja kimoja, ikagonga. Alisukuma. Ochan akasukuma. Chini ya kilima ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, haijafunuliwa tangu dunia iumbwe.

"Mzee Yasiin," alisema Adoch, "hapa hakuna mtu."

"Nilisema ningeanza," alisema Yasiin. "Sikusema ningemaliza."

Yalibaki manane. Mengine yote yalikuwa mazima, na amri haikuruhusu nondo kupenya simenti nzima. Adoch alipita katikati yake polepole. Saba yalikuwa yamenyooka kando ya yale ya wazee. Moja, la nyuma kabisa penye mchaichai, lilikuwa limekaa upande, kama mlevi aliyelazwa kitandani na marafiki walevi.

"Hata uongo wameshindwa kuunyoosha," alisema Ochan.

Kule kwenye moramu dereva alimaliza chapati yake, akafuta mikono kwenye usukani. Saa sita kasoro dakika kumi.

"Nani anaosha maiti hapa?" aliuliza Adoch.

"Maalim Abubaker," alijibu Shamim kutoka langoni. Hakuwa ameulizwa, lakini siku kumi zilikuwa zimemfundisha mtaa mzima. "Imamu. Ndiye mwenye daftari la makaburi. Ndiye pekee hapa aliyenipa kiti."

*

Msikiti wa Kawoya ulikuwa chumba kimoja cha mraba, mabati juu, na alama nyekundu ya X ukutani: nao ungeliwa. Adoch alivua buti barazani. Maalim Abubaker alitoka na daftari kabla hajaambiwa alichofuatwa. Mtu mwembamba wa miaka sitini, kanzu imepigwa pasi, kucha zimekatwa vizuri, na kwenye viganja vyote viwili malengelenge yaliyokauka.

"Karibu, binti yangu. Nasikia mna kaburi moja tu."

"Habari zinakimbia hapa kuliko boda."

"Boda zina breki."

Alifungua daftari. Majina arobaini na moja, la mwisho la miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo makaburi yalijaa. Wafu wa Kawoya walipelekwa Bombo, kwa ndugu zao.

"Na haya tisa?"

"Mimi nina arobaini na moja."

"Jumapili ile ulimwona Rafiq?"

"Aliswali hapa alasiri. Safu ya kwanza."

"Baada ya sala?"

"Baada ya sala watu hutoka msikitini."

"Wewe ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa hapahapa Kawoya. Sikuvuka kilima."

Adoch aliandika. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilikaa kando ya swali, kama mtu anayekupisha njiani. Aliinua macho kutoka kwenye daftari lake, akatazama ndani kupitia mlango. Chumba kilikuwa mraba, lakini mazulia hayakufuata ukuta. Yalitandikwa mshazari, safu kwa safu, yakaacha pembe tupu za simenti kwenye kona, kama nguo iliyokatwa na fundi mwenye usingizi.

"Mazulia yenu yamekaa upande, Maalim."

Kwa mara ya kwanza uso wa yule mzee ulichangamka. "Mazulia yamekaa sawa. Ukuta ndio umekaa upande."

"Sijaelewa. Mimi ni mtu wa misa."

"Wazee wetu walipojenga walikisia kibla. Walisema Makka iko kaskazini, wakajenga kaskazini, wakaswali hivyo miaka mia na ushee. Miaka mitatu iliyopita nilileta dira. Makka iko kaskazini, ndiyo, lakini imevutwa kidogo mashariki. Ukuta siwezi kuugeuza. Nikageuza mazulia."

"Watu walikubali?"

"Wachache. Yasiin alisema nimewatukana babu zao, kwamba waliswali bure. Yeye na wenzake mpaka leo wanaswali kwake barazani, wanafuata ule ukuta." Aliguna. "Nilimwambia, asiyejua hana lawama. Lakini mtu akishajua, hawezi kujifanya hajui."

"Na maiti?" aliuliza Adoch. "Naye huelekezwa?"

Hapo Maalim alifunga daftari. Alilifunga taratibu, akaweka kiganja juu yake.

"Hulazwa ubavu wa kulia," alisema. "Uso kibla."

"Kibla kipi?"

Nje kuku alikuwa anaparura moramu. Maalim alitazama saa ya ukutani, na Adoch akaitazama pia. Saa sita na dakika kumi na mbili.

"Adhuhuri inakaribia," alisema mzee. "Niruhusu nikatawadhe."

Adoch alivaa buti bila kufunga kamba.

*

"Fundi, una uzi?"

Heritier alikuwa nao, mweupe, umezungushwa kwenye kijiti. Adoch aliufunga kwenye jiwe la kaburi la zamani kabisa, Ochan akauvuta mpaka mwisho wa makaburi ya wazee, ukalala sawa juu ya kingo zao zote. Kisha wakausogeza, hatua kwa hatua, juu ya yale mapya. La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, la nne, yote yalifuata uzi kama askari wa gwaride. Vijana wa Yasiin walikuwa na kamba, na kamba haina dini. Walipofika kwenye mchaichai, uzi uligusa pembe ya mguuni. Kichwani ulikuwa mbali kwa urefu wa mkono mzima.

Adoch alitoa simu, akafungua dira, akaiweka juu ya simenti. Kaburi la mlevi halikuwa limelewa. Aliyelala humo ubavu wa kulia angetazama kaskazini, na kidogo mashariki, kama mazulia.

"Hiyo ilinisumbua, shefu," alisema Heritier. "Miye niko fundi, nilitaka kuinyoosha. Nikaanza kukata udongo. Maalim alikuwa anapita. Akaniambia, iache hivyohivyo, fuata kilima."

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema, kazi yako si hiyo."

Ochan aliufuata ule uzi kwa kidole mpaka mwisho. "Kumbe wa uongo ndio walionyooka."

"Mwenye kudanganya hesabu anafuata kamba," alisema Adoch. "Mwenye kuzika mtu anafuata kibla. Na angekuwa Yasiin angefuata kile cha zamani." Alimgeukia Awiti. "Hili. Andika saa."

"Saa sita na dakika ishirini na tano. Una uhakika?"

"Vunja, Ochan."

Walivunja Ochan na Heritier, kwa zamu, na baadaye Yasiin alivua koti akashuka nao bila kuombwa, akichimba kwa nguvu kama mtu anayedaiwa jasho. Awiti aliwasimamisha kila kiganja cha kina, akapiga picha, akapima. Udongo ulikuwa laini mpaka chini. Saa saba kasoro dakika kumi na nane walifikia mbao, zimepangwa mshazari kama inavyotakiwa, na harufu ikapanda, na Heritier akapanda nayo kwenda kutapika kwenye mchaichai.

Chini ya mbao palikuwa na sanda. Si turubai wala gunia, bali bafta nyeupe ya msikitini, mapande matatu, vifundo vimelegezwa kichwani na miguuni. Aliyeiweka hakuwa na haraka.

Awiti alifunua miguu kwanza. Aliinua kichwa kumtafuta mjane, akakuta ameshafika ukingoni, mwavuli umefungwa.

"Kidole gumba cha kushoto," alisema Shamim. "Kilikatwa na mnyororo wa pikipiki. Nusu ya ukucha."

Awiti alitazama. "Ndiyo, mama."

Shamim alikaa chini palepale, juu ya udongo. Hakulia. Alivuta upindo wa kanga yake ukafunika magoti, kama mtu aliyefika kwa watu na kukaribishwa.

Katapila likawashwa. Dereva alikuwa anapasha injini tu, kwa heshima zote, lakini ardhi ilitetemeka na vipande vya udongo vikaporomoka ndani ya shimo. Ochan alikimbia kwenda kuzungumza naye kwa maneno yasiyo ya kwenye faili.

Aliporudi, Maalim Abubaker alikuwa amesimama nyuma ya Adoch. Alikuwa ametawadha, ndevu zake zilikuwa bado na maji.

"Ningekufuata baada ya sala," alisema Adoch.

"Nimeona ni adabu kuja mwenyewe."

"Malengelenge ni ya jembe?"

"Ya jembe. Sikuzoea." Alitazama ndani ya shimo, kisha akaondoa macho. "Manane nilijua. Niliyafumbia macho. Fidia ya msikiti haitoshi kununua hata choo mahali pengine, Yasiin akasema hayo manane yatatupa kiwanja. Sikusema ndiyo. Sikusema la. Rafiq alipoyagundua alikuja kwangu, kwa heshima, akasema Maalim, nikiyaandika haya watafuta orodha yote, hata wale arobaini na mmoja wa kweli, lakini siwezi kutoyaandika. Nikamwomba daftari lake. Akakataa. Nikalivuta, naye akalivuta. Nikamsukuma. Palikuwa na jiwe."

Yasiin, udongo mpaka kiunoni, alisema, "Abubaker," na sauti yake yote ikaishia hapo.

"Ukamfukia, na pikipiki ukaitupa kwenye mafunjo," alisema Adoch.

"Ndiyo."

"Na ukamlaza huku, wakati kumlaza kwa kamba kungekuficha."

"Ningemlaza vipi kwenye kibla ninachojua si sahihi?" Aliuliza kweli, kama anayetaka kujibiwa. "Nimemwosha. Nimemkafini. Nimemswalia peke yangu. Haki zake zote nimempa."

Ochan alitoa pingu. Maalim aliinua mikono mapema mno, na wote wakasimama wakisubiri pingu ifunguke, maana ilikuwa imeshika kutu.

Shamim alisema kutoka pale chini, "Alikufa saa ngapi?"

Akamtazama Maalim.

"Nakuuliza wewe. Ujumbe wake ni wa saa kumi."

"Alianguka baada ya hapo kidogo," alisema Maalim.

"Sikuuliza alianguka saa ngapi."

Injini ya katapila ilikuwa imezimwa. Ziwa lilisikika, na mtu aliyekuwa anagonga ubao wa mtumbwi huko chini.

"Magharibi," alisema Maalim. "Ilikuwa imeshaadhiniwa."

"Alisema kitu?"

"Aliomba maji. Nikampa maji. Nikamsomea Sura ya Yasin mpaka mwisho, nikarudia."

"Ulikuwa na simu?"

Pingu ilifunguka. Maalim aliitazama ikizunguka kifundo chake cha mkono wa kushoto.

"Nilikuwa nayo," alisema.

Shamim alinyanyuka, akakung'uta udongo kwenye kanga. Aliwaambia wahudumu wa Awiti, waliokuwa wakingoja garini, wamnyanyue mume wake polepole, wasimburure, na walipomweka kwenye machela alitembea pembeni yake mpaka kwenye gari. Yasiin aligonga muhuri kwenye karatasi bila kusoma. Saa saba kasoro dakika nne. Nyuma yao dereva wa katapila alishuka kutoka kwenye kiti chake, akasimama ameshika kofia mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Kisha akapanda, maana naye ana bosi.

Adoch alimkabidhi Maalim kwa askari wa gari la pili la polisi, akaingia mbele kando ya Ochan. Shamim na Awiti walikaa nyuma na machela. Ochan alitazama saa kabla ya kuwasha, tabia yake tu, kwa ajili ya kitabu cha gari. Barabara mpya ilipanda kilima imenyooka, bila shimo hata moja, hakuna mtu wala boda, ikawatoa juu Bugolobi, na kutoka hapo kushoto hadi kwenye geti la hospitali. Wahudumu walikuja na toroli.

Ochan alizima injini, akafungua kitabu.

"Dakika kumi na moja, makaburini mpaka hapa," alisema, akaandika, na hapo ndipo akaelewa alichosema. Mkono wake ulibaki juu ya karatasi.

Nyuma, Shamim alikuwa ameshashika mkono wa machela. Aliuachia.

"Umesema ngapi?"

Ochan alimtazama Adoch. Adoch alikuwa anatazama mbele, kwenye geti.

"Kumi na moja, mama," alisema Ochan.